UZI: Nilienda Zanzibar peke yangu siku tano kuangalia nyama (wanyama) na bantu

MutotoWaKatuba
Bana Lushi (Lubumbashi, Congo) jambo yenu yote. Tangu nirudie kila muntu ananiuliza Zanzibar iko aje, na mbele nijibu anaongeza "peke yako? uliachana na bibi?" Sikuachana na muntu, bibi hata sina. Nilikuwa Dar juu ya bintu yangu ya biashara, konteneri ikachelewa juma nzima, nikaona kuliko nikae mu loji ya Kariakoo kusikiliza ma klakisoni, nikamate mashua niende nione hii bahari bantu banasemaka. Siku tano. Miye, sakosi moja, kofia yangu nyeusi ya Mazembe, timu ya mupira ya kwetu, na telefone yenye betri inakufa mbele ya saa sita.

Mukumbuke miye muntu wa Katuba ya Lushi, mayi mikubwa yenye nilikuwa nimeona mu maisha ni ziwa Tshangalele na ile siku nilikuwa mutoto nililia. Mashua ya Dar mupaka Unguja ni kama saa mbili tu, lakini kuko saa mbili na saa mbili. Mushichana wa kazi alikuwa anapitisha ba sashe (mifuko) nyeusi, nikafikiri anauzisha karanga, nikamwambia hapana aksanti nimekula. Nyuma ya dakika kumi nilikuwa namutafuta na macho, nitapikie wapi.

Kintu ya kwanza niwaambie ni Kiswahili yetu. Nilisema tutasikilizana, si njo luga ile ile? Pale bandarini nikamwambia mwenye taksi "kamata makuta yako", ni kusema chukua feza yako. Akarudi nyuma hatua mbili. Kule mwenye kukamata ni polisi. Na makuta hajue, alisikia makuti, ile majani ya munazi ya kufunika nyumba, akaniuliza nataka makuti ya nini na mangapi. Tukasimama pale bantu bawili banasema Kiswahili na hatusikilizane hata kidogo, mupaka kijana moja akauliza natoka wapi, nikasema Lubumbashi, akaangalia kofia akapiga kelele "Mazembe! Samatta!" Yote ikaisha, bei ikashuka. Bale bantu hawajasahau 2015 yenye Samatta na Ulimwengu, bachezaji ba Tanzania, balikamata kombe ya Afrika na siye.

Mbele nisahau, mugeni analipa asiransi (bima) dolari 44, iko lazima tangu mwezi wa kumi 2024, lipia ku telefone mbele ufike, usianze kubishana na muntu pale. Nitaendelea, umeme imekatika.

MamaKamalondo
Mwanangu, vakansi peke yako kandokando ya mayi? Ukizama nani atakuya kutuambia? Siye tulienda Kipopo familia nzima, bantu 14 na sufuria ya bukari (ugali), na bado niliogopa. Lakini endelea nasoma.

Kipushi_Boy
Weka ma foto

MutotoWaKatuba
Foto iko na maneno yake, nitaeleza.

Mama, kuzama nisingeweza hata ningetaka. Nilifika Jambiani, kijiji ya kandokando ya bahari, usiku, nikasikia bahari inalia karibu na dirisha, nikalala na woga. Asubui natoka, bahari haiko. Sisemi ilisogea kidogo, HAIKO, ni muchanga na majani mupaka mbali mbali kule kuko mustari mweupe wa mawimbi. Nikauliza mwenye loji nani alitosha mayi. Alicheka mupaka akakaa chini. Banaita kupwa na kujaa, mayi inashuka na kupanda mara mbili kila siku, mwezi ikiwa mukubwa inafika karibu mita 4, na ile fasi iko sawasawa kama uwanja wa mupira njo maana ikishuka inaenda mbali vile.

Nikaingia kutembea mule mwenye bahari ilikuwa. Bamama beko mule mayi ku magoti banafunga mwani ku kamba, kazi yenye ilianza kule mwisho wa miaka ya 1980, banaimba banasemana bantu, na miye nasikia nusu ya maneno na kucheka robo. Pale njo nilikutana na mama mukubwa wa Uswisi, anaweza kuwa na miaka 70, peke yake sawa miye, viatu ya raba, darubini ku shingo na kakaye (daftari) kadogo ka rangi ya buluu. Miye nilikuwa natembea sawa muntu anafuata taksi ya mwisho. Akaniambia na kifaransa: simama. Kaa chini. Dakika 20 usisogee.

Nilifikiri kuko nyoka. Nikakaa. Dakika tano hakuna kintu, dakika kumi hakuna kintu, niko nawaza huyu bibi ananichezea, kisha muchanga ikaanza kutembea. Ni kaa. Balikuwa bamejificha juu yangu miye. Badogo, macho ku bijiti, moja moja mulango yake, anatosha muchanga anaitupa inje na kurudia ndani, sawasawa bamama ba Kamalondo banafagia asubui (mama samahani). Mu kashimo kenye mayi ilibakia nikaona ile nyama yenye sura ya nyota, banaiita kiti cha pweza, eti pweza njo anaikalia. Na jongoo la bahari, inene kama mukono, imelala tu haina haraka ya kintu. Na yangeyange, ndege mweupe wa miguu mirefu, anainua muguu moja, anawaza, anaiweka, unafikiri analipwa ku hatua.

Yule mama anaandika yote mu kaye: saa, jina, ngapi, inafanya nini. Foto hata moja hapigi. Nilimuuliza sababu, akasema akipiga foto ataangalia foto.

Tangu ile asubui njo kazi yangu ilikuwa ile, kukaa na kuangalia. Na ukisha kuyua kukaa, bantu nabo banatoka mu mashimo yao. Ku loji kulikuwa bana-ndoa ba Dar, juma moja tu tangu harusi. Bibi anataka foto yenye bahari nyuma, bwana anapiga, bibi anaangalia, "umenikata miguu", tena, "sasa umenikata kichwa", tena. Na bahari iko inarudi pole pole na bo hawaione. Foto ya kwanza mayi iko kule mbali, ya mwisho mayi iko mu viatu ya bwana.

TantineRuashi
Viatu ya bwana 😂😂 huyo ni bwana yangu kabisa

KadutuMoja
Natoka Bukavu, siye tuko na Kivu pa mulango, haina mamba haina kupwa haina kujaa, unaiacha usiku asubui unaikuta pale pale. Hii bahari yenu haina nidhamu. Makako uliona?

MutotoWaKatuba
Makako njo nafika.

Nilikamata daladala kwenda Jozani, ule pori yenye ilifanywa parke ya taifa mu 2004. Ku mulango nikauliza "makako beko fasi gani?" Gide (mwenye kuongoza bageni) akaniangalia. Makako hajue. Kule ni kima, na hii ya Jozani ni kima punju, mugongo mwekundu, nywele nyeupe kuzunguka uso sawa muzee alitoka kwa kinyozi mubaya, na kidole gumba ni kama haina. Kwao ni Unguja tu dunia nzima, ukitosha kidogo zenye balipeleka Pemba. Ku barabara baliweka matuta juu magari ilikuwa inaziponda.

Gide wangu, kijana wa heshima, akanionyesha na akaniambia kintu sikuamini: hizi makako zinakula makala (makaa). Makala ya kupikia! Juu zinakula majani ya mukungu na ya mwembe, na mule ndani muko kama sumu, sasa makala inanyonya ile sumu mu tumbo. Zinaiba ku bale benye kuchoma makala, zinachimba ku bisiki yenye iliungua. Nikamwambia ndugu, miye natoka muji wa makala, usinidanganye. Akaitwa ku telefone, akasema nimungojee pale dakika tano.

Nikakaa chini ya muti. Dakika 20 ya mama wa Uswisi. Moja ikashuka, mama na mutoto ku kifua, hatua kama kumi mbele yangu, akatosha kipande cheusi sijue wapi, akakishika na mikono mbili akaanza kukitafuna kama biskuti. Midomo nyeusi tiii. Ananiangalia. Ile kuangalia ya mama muuza wa soko wakati unagusa nyanya na hauna makuta.

Sasa bakapita bamama bawili ba Italia. Bakaona muntu mweusi amekaa chini na makako hazimukimbie, bakasema mu roho yao: huyu njo gide. Bakanipatia telefone niwapige foto. Nikapiga. Bakaniuliza na kiingereza inakula nini. Nikajibu, si niliyua? Makala, nikawaeleza na sumu na tumbo, bakashangaa, bakaniuliza ya pili, ya tatu, bakanifuata, siyui vile ilikuya lakini nikajikuta niko mbele bo nyuma tunatembea juu ya ile daraja ya mbao mu mikoko, na miye naonyesha kaa na kidole sawa muntu alizaliwa pale. Muti wenye sikuyua jina nilisema "hii ni dawa". Ku mwisho bakanipatia matabishi (bakshishi).

Gide alitukuta pale. Nilisikia haya, nikamupatia yote. Alizihesabu, akanirudishia nusu, akasema "kazi umefanya, lakini ule mti si dawa".

TantineRuashi
MAKALA?? na vile saki (gunia) ya makala iko bei huku, miti imekwisha mupaka mbali na muji, sasa na makako nazo zinataka zake. Wasizilete Lushi tafazali, tutapikia nini

Kipushi_Boy
Kesho nitakula binkubala (viwavi) na mafuta mingi, tumbo ikianza niko na saki nzima ya dawa pa mulango

MtuWaNgambo
Asalaam alaykum jamaa, mie wa Unguja, uzi huu nimeupata kwa bahati tu na nimecheka hadi mke wangu kaja kuniuliza nna nini. Ndugu wa Katuba karibu tena, na Kiswahili chenu kitamu, ila "makako zinakula" itabidi tukukalishe chini. Nyongeza kidogo: punju ni sumu. Wazee wetu hawakumpenda huyu mnyama, ana harufu kali, wakisema mti anaoukaa hufa na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Siku hizi analeta wageni basi kila mtu mjomba wake. Lakini nenda kawaulize wakulima wa kando ya msitu wanaoliwa madafu yao machanga, watakwambia vyengine.

MutotoWaKatuba
Aksanti muzee, kumbe tuko na bakubwa humu. Nilikosea maneno mingi, nisamehe ya makako.

KadutuMoja
Na ba dofini? Kuko benye walisema unaogelea nabo

MutotoWaKatuba
Nitaisema haraka juu sikuipenda. Kizimkazi, kule kuko na ule musikiti wa zamani wenye maandishi ya 1107, asubui mapema tukapanda boti. Kule wanaitwa pomboo. Tukafika, kulikuwa boti nane, kumi, zote nyuma ya pomboo tano ao sita. Mapezi ikitoka tu mainjini yote inalia, bantu banaruka mu mayi na ma raba yao ya miguu, pomboo wanashuka chini, bantu wanapanda ku boti, pomboo wanatokea fasi ingine, tena mbio. Nilikumbuka polisi wa barabara na bantu ba piki, tofauti ni kama piki iko na makosa yake. Kijana moja mu boti yetu alitapika mu mayi kisha akaruka pale pale mwenye alitapika. Miye sikuruka. Kapiteni akaniuliza nimelipa bule? Nikamwambia uzimishe mashini dakika kumi tu, hatukuwe mbio na muntu. Akakatala juu bengine mu boti balitaka kuruka, na ni makuta yabo, namuelewa. Wakati wa kurudia, mbali na bengine, mashini pole pole, moja akatokea peke yake kandokando, akapumua fuuu, nikaona jicho. Ni ile tu. Yule mama wa Uswisi hakuenda kabisa, alisema angeandika nini, "boti 10"?

MtuWaNgambo
Una haki. Wapo manahodha wastaarabu wanaozima mashine na kungoja, lakini mgeni kalipa, kaja siku moja, anataka amguse. Ukirudi nenda kisiwa cha Chumbe, pale tangu miaka ya 1990 hakuvuliwi, matumbawe salama, kuna mnara wa taa wa 1904 na wale kaa wakubwa wanaopanda minazi, mmoja anafika kilo nne. Usiku wanatembea kama askari wa zamu.

MamaKamalondo
Kaa wa kilo ine apana. Apana apana.

MutotoWaKatuba
Mama na usiku nao uko na mambo yake. Usiku wa tatu nikasikia mutoto analia inje. Analia kweli kweli, mutoto mudogo, mu miti. Nikatoka na tochi, bwana wa Dar naye ametoka na taulo, bibi yake nyuma anasema kaokote mtoto wa watu. Tukaenda pole pole, bantu batatu na tochi mbili, kilio inaenda juu inashuka, tunafika chini ya mupapayi, macho mbili mekundu, mikubwa, inatuangalia. Bwana wa Dar alituacha. Na taulo alituacha nayo.

Mwenye loji akatoka akasema "mwacheni, komba huyo, kafata mapapai". Kisha akaongeza eti komba ni mulevi, anapenda sana tembo, anakunywaka tembo ya bantu usiku. Sasa bana Lushi, miye kusikia tembo nilifikiri nini? Niliwaza chupa! Nikamuuliza, yani bia ya kwetu ya Tembo inafika mupaka huku?? Na anaifungua na nini??

Kipushi_Boy
KOMBA ANAKUNYWA TEMBO 😭😭😭 nauzisha pombe Kipushi miaka sita, kliyenti kama huyo sijamupata

MtuWaNgambo
Hahaha subiri. Kwetu tembo ni pombe ya mnazi, ile mnyama mkubwa ni ndovu. Mgema anatundika kitungi chake juu ya mnazi jioni, komba anakwenda usiku anafyonza, asubuhi mgema akipanda anamkuta chini kalala hajitambui. Kuna waliokuwa wakimkamata hivyo hivyo. Kumkamata kwa Kiswahili chetu nakusudia.

TantineRuashi
Chui je? Nilisikia Zanzibar kuko chui ya balozi (bachawi)

MtuWaNgambo
Alikuwepo, chui wa kwetu mdogo, watu wakiamini wachawi wanamfuga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walisakwa sana. Siku hizi anasemwa tu zaidi kuliko kuonekana, na yule ninayemjua mie yuko kwenye makumbusho, kajazwa pamba.

MamaKamalondo
Mwanangu swali moja. Ulienda kuona ile fasi ya batumwa?

MutotoWaKatuba
Nilienda mama. Siku ya inne mangaribi. Kanisa ya ba Anglikana balijenga pale pale pa soko yenyewe. Na mu Muji Mukongwe kuko nyumba ya Tippu Tip, inabomoka, mulango njo imebakia muzuri. Nilisimama mbele ya ule mulango wakati murefu. Mwenye nyumba alifika mupaka kwetu kule Maniema kutafuta pembe na bantu, na bengi ba bale bantu hawakurudi, na Kiswahili yenye naandika hapa, sehemu yake ilikuya na njia ile ile. Kijana moja akanikaribia na kiingereza "my friend, spices?" nikamujibu na Kiswahili kama hapana ndugu, akasikia vile nasema, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akanyamaza. Akaniletea kahawa kadogo, akakatala makuta.

Nirudie ku nyama juu hii nitailia.

Siku ya tano asubui, Changuu. Kisiwa kadogo mbele ya muji, ingereza walijenga gereza pale, kisha ikakuwa fasi ya kufungia bagonjwa ba meli. Sasa beko makobe, makubwa, ba kwanza balitoka Seychelles mu 1919 kama zawadi, na wameandika miaka ku mugongo na rangi, 90, 130, na moja inapita pale. Bana-ndoa ba Dar balikuwa pale tena. Bibi akamupatia kobe majani ya mboga, kobe akanyoosha shingo, akafungua kinywa, akangojea, na bwana akasema "subiri, usimpe, sijakaa sawa", anatafuta foto. Kobe anangoja. Bwana anazunguka. Nilihesabu karibu dakika mbili, kobe na kinywa wazi, macho ku bibi. Ile foto ilitoka muzuri, balinionyesha, hakuna mwenye alikatwa kichwa.

Kipushi_Boy
Sasa foto ZAKO ziko wapi yaya, tuko tunangoja na kinywa wazi sawa kobe

MutotoWaKatuba
Betri niliwaambia. Foto zangu muzuri ziko mu telefone ya bale bamama ba Italia, ku telefone yangu muko sita: mbili ni kidole yangu, moja ni mukia wa makako, moja ni bahari yenye haiko, unaona muchanga tu, mbili nilipiga mufuko ndani.

Lakini kuko kintu. Mbele nipande mashua ya kurudia nilipita kuaga mama wa Uswisi ku loji. Akaacha ile kaye ya buluu pa meza akaenda kulipa. Nikaifungua, Mungu anisamehe. Nilitafuta ile asubui ya kwanza ya Jambiani. Maandishi kadogo kadogo, kifaransa:

Saa 12 na dakika 10, yangeyange 3.
Saa 12 na dakika 40, mudiria 1, ku kamba ya mwani.
Saa 1 kasoro tano, Mukongomani 1, kofia nyeusi, anatembea mbio, anafukuza kaa yote.

Nikageuza kurasa mupaka siku ya inne.

Saa 1 na robo, Mukongomani 1, amekaa. Dakika 35. Kaa 11 karibu na miguu yake.

MamaKamalondo
Na hakuandika kama hana bibi?